Hiyo ni kwaya, si darasa la kusoma

Mwalimu, futa hilo andalio la somo la kesho. Umeuliza umfuate Piaget au Vygotsky, wale wanasaikolojia wa jinsi watoto wanavyojifunza, kwa darasa la kwanza la watoto 84, na wakae kwa makundi au safu. Lakini pembeni umedokeza kwamba "wote wanasoma vizuri, tunasoma pamoja ubaoni". Hapo ndipo utakapoumia. Mimi niliumia papo hapo, muhula mzima.

Ukipitisha kijiti kwenye ma me mi mo mu, wachache wanaojua ndio wanaovuta, waliobaki wanadandia. Tazama midomo: asiyejua huchelewa kidogo nyuma ya wenzake, macho ameyaelekeza dirishani. Sasa ziba zote, acha mo peke yake. Ataanza kimoyomoyo toka ma mpaka aifikie. Huyo ameshika wimbo, herufi hajazishika. Ukurasa wenye picha ndio mtego zaidi: ameona kuku, anasema "kuku", wewe unampa vema.

Yule mwezeshaji wa semina aliyetuaminisha kwamba kuitikia pamoja ndiyo ushirikishwaji alichukua posho yake akaondoka. Mimi nikabaki na kwaya. Iliimba vizuri, tusiidharau.

Usimhesabu mtoto kuwa anasoma mpaka asome peke yake neno ambalo hajawahi kulisikia. Tunga maneno yasiyo na maana, kwa herufi ulizokwisha kufundisha tu. Kama wana m, n, b, k na irabu zote: nemu, bikona, kumebi. Andika sita kwenye kipande cha boksi, ita watoto sita kwa siku mezani, wengine wakinakili. Siku 14 umewamaliza wote 84.

Akikusomea "be-i, ke-o", amefundishwa majina ya herufi badala ya sauti. Mrudishe kwenye m, s, n, l, ambazo sauti yake inavutika: mmmma. B na k hazivutiki, ataongeza irabu yake mwenyewe. Anayetaja silabi moja moja lakini neno halitoki, mpe kadi mbili tu, azisogeze mpaka zigusane huku akitamka. Na kadi zichanganywe, mo, ka, ni, bu; ukizipanga kwa mfuatano tu, wimbo umerudi.

Vygotsky anataka umsaidie mtoto pale anapokaribia kuweza. Utapajuaje kama hujamsikia peke yake?

Makundi au safu? Yoyote, mradi wapate njia ya kufika mezani kwako.