Ustawi wa Bonde la Ufa bila makaa ya mawe
Ndugu, umeuliza iwapo Bonde la Ufa nchini Kenya linaweza kustawi bila kutegemea makaa ya mawe na dizeli. Kwa upande wa umeme, safari hiyo ilianza zamani: mtambo wa kwanza wa mvuke wa ardhini huko Olkaria, karibu na Naivasha, ulianza kazi mwaka 1981, na ubora wake ni kwamba mvuke hautegemei mvua wala upepo, hivyo umeme huendelea kuzalishwa usiku na hata wakati wa kiangazi, mabwawa yanapopungukiwa na maji. Lisilozungumzwa vya kutosha, kwa maoni yangu, ni joto lenyewe. Tayari lipo shamba la maua huko Naivasha lililolitumia kupasha vivungulio vyake, na joto hilohilo lingeweza kukausha mahindi au kuchemshia maziwa viwandani. Hata hivyo, nisingeuita huo ustawi ikiwa wafugaji wa Kimaasai waliohamishwa kupisha mradi watakosa malisho, au ikiwa mama anayeishi chini ya nyaya za umeme huo bado anapikia kuni.