Maswali yenu kuhusu Getting Over It: gemu haijakuonea

Tangu nimtaje hapa yule jamaa wa kwenye chungu anayepanda mlima kwa nyundo katika gemu ya Getting Over It, ujumbe umenimiminikia, na nusu yake ni lawama. Nimechagua maswali haya.

Kaka, nimecheza saa nne, nimekaribia barafu ya juu, mkono umeteleza kidogo tu, nimeporomoka mpaka chini kabisa. Hii gemu si mbovu kweli? (Uyole)

Si mbovu. Ni ngumu, na hayo ni mambo mawili tofauti. Gemu mbovu ni ile ambayo ukifanya kitu kilekile mara mbili inakupa majibu mawili. Hapa nyundo inafuata kipanya chako: ukivuta taratibu inakwenda taratibu, ukikurupuka inakurupuka nawe. Mawe hayahami na hakuna bahati nasibu. Bennett Foddy, Mwaustralia aliyeitoa mwaka 2017, alitangaza mapema kwamba ameitengenezea watu wa aina fulani, ili iwaumize. Wazo lenyewe alilitoa kwenye Sexy Hiking, gemu ya mwaka 2002 ya mtu anayejiita Jazzuo, nayo ilikuwa ya nyundo na mlima. Hakuna aliyekudanganya.

Ngoja nikueleze nilichokiona kwenye geto moja la wanafunzi kule Iyunga. Kijana alianguka mara sita pale pale. Kila akianguka anapiga meza, anatukana, anaanza tena kwa hasira ileile. Nikamwomba jaribio la saba asimtazame jamaa wa kwenye chungu, autazame mkono wake mwenyewe. Kumbe alikuwa anaendeshea kipanya juu ya daftari dogo la kurasa chache. Nyundo ikishika ukingo tu, daftari limeisha, anainua kipanya kukirudisha katikati, na kinapotua kinatikisika kidogo. Kutikisika huko ndiko kulikomwangusha mara zote sita. Tukakata ubavu wa boksi la televisheni, tukalaza mezani. Alipita mara ya pili.

Mara sita alikuwa anailaumu gemu, na kosa lilikuwa daftari. Ndiyo maana nawasihi: ukianguka, usiseme neno. Jiulize mkono wako ulikuwa unafanya nini sekunde moja kabla. Wengi mmejifunza kukasirika kwenye video za YouTube kabla hamjajifunza kucheza. Yule anayepiga kelele na kurusha hedifoni yuko kazini, watazamaji wake wamekuja kwa ajili ya kelele. Wewe hulipwi, na hasira inakufanya ubane kipanya, na mkono uliobana haupimi.

Chekipointi zipo wapi? (Njombe, Tukuyu, Makambako, na wengine kumi)

Hazipo, yaani hakuna sehemu za njiani za kuanzia tena ukianguka. Nimeshalijibu mara tatu. Someni kabla ya kuuliza.

Sasa umeme ukikatika nimepoteza yote? (Mafinga)

Hili ni swali tofauti na la chekipointi, na ni zuri. Ukitoka kwenye gemu na kurudi, unamkuta jamaa palepale ulipomwacha. Isichofanya ni kukurudisha juu baada ya kuanguka. Kama laptopu yako betri imekufa na huko kwenu umeme ni wa wasiwasi, jizoeze kutoka mara moja moja kwa utaratibu, usingoje giza likutoe.

Kwenye simu nyundo inarukaruka. Nifute niweke upya? (Iringa)

Usifute. Toa kwanza ile protekta nene ya kioo. Skrini ya simu inasoma umeme mdogo wa kidole, na kioo nene, jasho au vumbi la unga wa maandazi vinaichanganya. Na huu ni msimu wa baridi: kidole kilichokauka kwa ubaridi wa asubuhi skrini haikisomi vizuri, na wewe mwenyewe hukisikii. Shika kikombe cha chai dakika mbili, kausha mikono, ndipo ucheze. Ukiona bado, zima programu nyingine zilizofunguka nyuma.

Na kama unaunganisha simu na televisheni, ingia kwenye mipangilio ya picha uwashe hali ya gemu. Televisheni nyingi huichakata picha kwanza ndipo ziionyeshe. Gemu inayokwenda picha 60 kwa sekunde inakupa takriban milisekunde 17 kwa kila picha, kwa hiyo ucheleweshaji usiouona ukitazama mpira hapa unakuangusha.

Kuna APK ya bure nimetumiwa kwenye grupu, ipo poa? (Mwanjelwa)

APK, yaani faili la kuweka programu kwenye simu ya Android, la kutumiwa hivyo halipo poa, na hili siwezi kulisema taratibu. Faili usilojua limetoka kwa nani linaweza kuomba ruhusa ya kusoma meseji zako, na meseji zako ndimo zinamopita taarifa za pesa za simu. Gemu ya mlima haina sababu yoyote ya kusoma meseji. Ikiomba ruhusa hiyo, futa saa hiyohiyo, kisha badilisha namba yako ya siri. Gemu hizi hushushwa bei mara kwa mara. Subiri, ununue halali.

Kwenye Celeste nimewasha msaada, wenzangu wananiita mwoga. (Mbeya mjini)

Waache. Celeste, gemu nyingine ngumu ya kupanda mlima ya mwaka 2018, ina sehemu hiyo kwa sababu waliotengeneza waliiweka: unapunguza kasi, unaongeza nguvu za kupanda, hata kufa unaweza kukuzima. Kuna watu vidole vyao vina maumivu, kuna wenye pedi ya kuchezea gemu iliyochoka. Nashauri uanze kwa kupunguza kasi pekee, ujifunze njia, kisha uirudishe kidogo kidogo.

Nikikwama nitazame video ya suluhisho? (Tukuyu)

Inategemea gemu. Ya mkono kama Getting Over It, tazama, maana kujua njia hakukupitishi, mkono bado unatakiwa ujifunze. Ya akili kama Baba Is You, usithubutu. Ukishaliona jibu, fumbo limekwisha na hutalifumbua tena maisha yako yote. Nenda kalale. Nimefumbua mengi nikiwa kwenye daladala ya Uyole, simu ikiwa mfukoni.

Mwanangu wa miaka 14 amevunja pedi kwa hasira. Nimnyang'anye gemu? (Mama, Mafinga)

Shikamoo mama. Pedi asinunuliwe nyingine haraka, achangie mwenyewe kwa kazi za nyumbani. Lakini gemu usiitupe. Kaa naye jioni moja, umwambie akuonyeshe mahali panapomshinda, akueleze kwa mdomo anajaribu kufanya nini. Akilazimika kukueleza wewe usiyeijua gemu, atapunguza mwendo, na mara nyingi kosa ataliona mwenyewe akiwa katikati ya maelezo. Muda wa kucheza uishe kabla ya kulala, asilale na hasira. Na muulize kama wenzake wanawekeana pesa kwenye gemu hizo. Nimeona vijana wanapigiana dau nani atafika juu, na hapo ndipo pedi zinapovunjika.

Ninunue kipanya gani? (Kabwe)

Cha waya. Kijaribu palepale dukani kabla hujalipa: kizungushe taratibu, kisha haraka. Mshale ukiruka kwenye mzunguko wa haraka, kirudishe kaunta uombe kingine.