Taa nyekundu na mapaja yanayouma

SWALI: Nikikimbia kilomita 10, siku ya pili mapaja yananiuma hata kushuka ngazi ni shida. Nimenunua taa nyekundu ya tiba, naiwasha jioni dakika 5 nikiwa nimevaa suruali ya mazoezi. Sioni nafuu. Nakosea wapi?

JIBU: Kwanza, vua suruali. Kitambaa kinazuia sehemu kubwa ya mwanga, na mafuta mazito au losheni nayo ifute. Kisha soma lebo: inayofaa ni yenye urefu wa wimbi la mwanga wa nanomita 630 hadi 660 (nyekundu) pamoja na 810 hadi 850, ambayo macho hayaioni vizuri lakini ndiyo inayopenya ndani zaidi kuelekea msuli. Balbu ya kawaida iliyopakwa rangi nyekundu ni mapambo tu.

Weka taa sentimita 15 kutoka kwenye ngozi, dakika 10 kila upande wa paja, mbele na nyuma. Ukiiweka mbali mara mbili ya hapo, nguvu inashuka sana. Usizidishe ukidhani utapona haraka. Kipimo kikubwa mno kinaweza kupunguza faida. Jaribu pia kabla ya kukimbia, maana majaribio mengi yaliyoleta matokeo mazuri yalifanywa hivyo. Hata hivyo, nafuu yenyewe ni ya wastani, na maumivu haya huisha yenyewe ndani ya siku 3 hadi 5.

Usiikodolee macho. Unatumia dawa zinazofanya ngozi ichukie jua, kama doksisaiklini? Muulize mfamasia kwanza. Na baada ya kukimbia, mkojo ukiwa rangi ya chai ya rangi, huenda msuli umeumia vibaya: nenda hospitali siku hiyohiyo.