Koma za apozitivu, kwa madogo mnaoanza chuo hapa Dom

Madogo mnaoingia mwaka wa kwanza hapa Dom, karibuni. Mimi huwa napitia ripoti za watu za Kiingereza kabla hazijaenda kuprintiwa, na kinachonichosha kuliko hata tensi ni koma za apozitivu. Apozitivu ni jina au fungu la maneno linalokaa ubavuni mwa jina jingine na kutaja kitu kilekile kwa namna nyingine, mfano "Dodoma, the capital of Tanzania, is growing fast." Ukitoa hayo ya katikati sentensi bado imesimama.

Sasa wengi wanaweka koma ya kwanza halafu ya pili wanaisahau, hasa maelezo yakiwa marefu: "The Kondoa Rock-Art Sites, a World Heritage Site since 2006 are in Dodoma Region." Hapo umefungua mlango hujafunga, baada ya 2006 weka koma. Ikiwa mwisho wa sentensi nukta inatosha.

Kazi ipo kwenye kujua wapi usiweke kabisa. Jiulize, hicho kitu kipo kimoja au vipo vingi? "Tanzania's fourth president, Jakaya Kikwete, was born in 1950" inataka koma kwa sababu rais wa nne ni mmoja tu, jina ni nyongeza. Ila "Tanzania's former president Jakaya Kikwete" haina koma, maana marais waliopita ni zaidi ya mmoja na bila jina hatujui ni yupi. Vilevile ukiandika "My brother, Juma, lives in Mpwapwa" ushamwambia lekchara una kaka mmoja tu, kama unao watatu toa koma zote mbili, sio moja. Ndio maana kwenye hili programu za kusahihisha grama siziamini sana, yenyewe itajuaje kwenu mmezaliwa wangapi?

Cheo kikitangulia jina moja kwa moja, kama "President Nyerere", koma ya nini sasa? Hii naikuta sana kwenye barua za kuomba field.

Na kama maelezo yenyewe yana koma ndani, tumia vistari virefu: "Three crops — sorghum, sunflower and grapes — do well here." Ukijaza koma tupu hapo, msomaji anaanza kuhesabu vitu vinne wakati wewe umesema vitatu.