Kurekebisha Makosa Katika Ujenzi wa Nyumba ya Mwanasesere: Ushauri kwa Wanaoanza

Katika nyumba ya mwanasesere, kosa huonekana mahali pamoja na chanzo chake huwa kwingine. Paa linapokataa kukaa juu ya kuta, anayeanza kazi hii hushika msasa na kulipunguza paa, ilhali paa lilikatwa sawasawa na kuta ndizo zilizokwenda upande tangu mwanzo. Mlango unapokwama, hukwanguliwa upande wa kitasa hadi unabaki na mwanya mpana, kumbe shida ilikuwa kwenye bawaba. Kwa hiyo, kijana anayekuja kujifunza kwangu mimi humwambia neno hili kabla sijamwonyesha chombo chochote: kosa hurekebishwa pale lilipoingia, hata ikibidi kubomoa kazi ya jana.

Tuanze na sanduku lenyewe, kwa sababu hapo ndipo makosa mengi huzaliwa. Tuchukue mfano wa nyumba yenye chumba kimoja juu ya kingine, ambayo uso wake una upana wa sentimita 30 na kimo cha sentimita 40. Baada ya kuunganisha kuta, sakafu na dari, na kabla gundi haijashika, pima kutoka kona hadi kona kwa njia zote mbili. Kila njia inapaswa kutoa sentimita 50 kamili. Ukipata 50.4 kwa njia moja na 49.6 kwa nyingine, sanduku limekwenda mshazari, na tofauti hiyo ya milimita nane, ambayo jicho huipuuza kwa urahisi, ndiyo itakayokusumbua utakapofika kwenye madirisha, ngazi na paa.

Gundi ikiwa bado mbichi, tiba ni nyepesi. Zungushia kamba au weka klampu kwenye ile njia ndefu, uikaze polepole huku ukipima, mpaka vipimo viwili vilingane, kisha uache sanduku bila kuliguza hadi kesho yake. Ubao wa nyuma uliokatwa kwa pembe za mraba utalizuia lisirudi lilikotoka, na ndiyo maana mimi huubandika mapema, wala siuachi uwe kazi ya mwisho kama wengi wafanyavyo. Vipande vya plaiwudi vinavyouzwa katika soko la Gikomba jijini Nairobi, au mabaki yanayopatikana kwa maseremala wa Ngong Road, vinafaa sana kwa kazi hii na bei yake ni nafuu, lakini usiamini ukingo wake wowote kabla ya kuupima kwa skwea, kile chombo cha kukagulia pembe mraba.

Gundi ikiwa imekwisha kukauka, usivunje kiungo kwa nguvu, kwa kuwa plaiwudi itachanika tabaka lake la juu na utakuwa na makosa mawili badala ya moja. Gundi nyeupe ya kawaida ya seremala hulegea kwa joto na kwa siki. Pasha siki nyeupe kidogo, ipake kwenye kiungo kwa brashi ndogo, isubiri, kisha upake tena. Ukiwa na kikausha nywele, elekeza hewa yake ya moto mahali hapo hapo. Baada ya muda utaiona gundi iliyokuwa angavu ikirudia weupe wake na kuwa laini ukiigusa kwa ukucha. Hapo pitisha kisu chembamba kwenye mstari wa kiungo, ukikitelezesha bila kukitumia kama mtaimbo, na kipande kitaachia. Gundi isiyopitisha maji haitakutii hivyo, na mara nyingi haitakuachia njia ila kukata kiungo kwa msumeno mwembamba na kuziba pengo kwa kijiti. Ile ya vijiti vinavyoyeyushwa kwa moto huachia ukiidondoshea spiriti ukingoni, ingawa siipendekezi kwa kuta hata kidogo, kwa kuwa huacha unene unaozuia mbao mbili kukutana.

Ukishatenganisha, kwangua gundi ya zamani hadi uione mbao yenyewe. Wanafunzi huliona jambo hili kuwa dogo, nami nalikazia kila mara, kwa sababu gundi nyeupe mpya haishiki vizuri juu ya ile iliyokwisha kukauka. Gundi mpya inahitaji kuingia katika nyuzi za mbao. Viungo vingi vinavyoitwa vibovu ni viungo vilivyorudishiwa gundi juu ya gundi. Tena, ukifanya kazi usiku wa Julai katika chumba chenye baridi, angalia kiungo asubuhi: kikiwa na unga mweupe ukingoni, gundi ilikauka kwa baridi na haikushikamana. Kifungue ukirudie mahali penye joto.

Kosa la pili kwa usumbufu ni mbao kupinda. Mwanafunzi hubandika karatasi ya ukutani upande wa ndani, na baada ya siku chache ukuta umejikunja kuelekea ndani. Karatasi hutanuka inapolowa gundi na husinyaa inapokauka, na ikisinyaa huvuta mbao pamoja nayo. Kuikandamiza kwa vitabu kutainyoosha kwa muda tu. Dawa ya kudumu ni kuupa upande wa nje mvuto ulio sawa na ule wa ndani, yaani kubandika karatasi huko pia, hata iwe karatasi ya kawaida itakayofunikwa kwa rangi. Iwapo mbao imepinda kabla ya kubandikwa chochote, jambo la kawaida wakati wa mvua za Machi hadi Mei kwa plaiwudi iliyoegemezwa ukutani, lowesha kidogo upande ulioingia ndani, uilaze kati ya mbao mbili zilizonyooka huku ukiweka vijiti vya kupitisha hewa, na uiwekee uzito mpaka ikauke kabisa. Mbao za akiba zihifadhiwe zikiwa zimelala.

Sasa mlango. Ukikwama, usikimbilie msasa. Chukua kipande cha karatasi, ukipitishe kati ya mlango na fremu pande zote, na uangalie kinapogota. Kikigota upande wa kitasa, huenda ni rangi iliyopakwa nene. Hapo msasa unaruhusiwa. Lakini mlango unaofunga karibu kabisa kisha ukarudi wenyewe, kana kwamba unasukumwa, una bawaba zilizozamishwa kupita kiasi. Fungua bawaba, ukate kadibodi nyembamba ya boksi la biskuti kwa umbo lake, uiweke chini yake, na uirudishe misumari. Mlango utatulia bila kupoteza hata chembe ya mbao. Kwa wanaoanza, acha nafasi ya takriban milimita moja kila upande kabla ya rangi, kwa kuwa rangi nayo ina unene wake.

Kuhusu mianya kwenye viungo, wengi hufundishwa kuchanganya vumbi la mbao na gundi nyeupe na kuziba. Njia hiyo inafaa tu mahali patakapopakwa rangi nzito. Mahali patakapopakwa rangi ya mbao na vanishi, gundi hukataa kunywa rangi na huacha doa hafifu lisilofichika. Afadhali upasue kijiti chembamba cha mbao ile ile, ukifuata mwelekeo wa nyuzi zake, ukichomeke mwanyani. Doa la gundi lililokwisha kujitokeza halifutwi kwa kuongeza rangi. Kwangua hadi chini ya gundi, kisha upake upya sehemu nzima ya ukuta ule. Kingo za MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, hunywa rangi bila kushiba, nazo hutulizwa kwa kupakwa kwanza gundi iliyochanganywa na maji na kupigwa msasa laini.

Kosa ambalo halina kiraka ni la kipimo. Wajenzi wengi hutumia kipimo cha 1 kwa 12, ambacho ndicho kilichotumika pia katika nyumba ya wanasesere ya Malkia Mary iliyosanifiwa na Edwin Lutyens na kukamilika mwaka 1924 nchini Uingereza. Kwa kipimo hicho, dari ya mita 2.4 huwa sentimita 20, meza ya sentimita 75 huwa 6.25, na kipandio cha ngazi cha sentimita 18 huwa milimita 15. Ukijenga kuta kwa kipimo hicho kisha ukanunua viti vilivyotengenezwa kwa 1 kwa 24, chumba kitaonekana tupu hata ukikijaza, na hakuna rangi itakayokuokoa. Badilisha samani, kwa maana kuta ndizo ngumu kurudia.

Taa nazo zina hasara yake ya pekee, kwani nyaya hufichwa chini ya karatasi. Vifaa hupatikana madukani Luthuli Avenue: taa ndogo za LED, vizuizi vya umeme (resista) na adapta ya volti 12. Taa nyeupe moja kwa volti 12 huhitaji kizuizi cha karibu omu 470. Bila hicho itaungua mara moja. Isipowaka, kwanza geuza nyaya, chanya ikae mahali pa hasi, kisha ukague viungo. Utepe wa shaba unaotumiwa badala ya waya, ukiwa umeunganishwa kwa gundi yake peke yake mara nyingi haupitishi umeme, na sharti uulehemu. Jaribu kila taa kwa saa kadhaa kabla ya kubandika karatasi yoyote juu ya waya.

Ikiwa nyumba inakwenda kwa mtoto, tumia rangi isiyo na madini ya risasi. Kabla haijatoka karakanani, vuta kwa vidole kila kitasa, kila ukingo wa ngazi na kila kipande kidogo kilichobandikwa. Kinachong'oka kikwanguliwe hadi kwenye mbao na kubandikwa upya, kisha kiachwe siku nzima kabla ya kuvutwa tena.