Kovu la Moto Linapovuta: Niliyojifunza kwa Mkono wa Mwanangu

Kidonda cha moto kikishafunga, nyumbani watu humshukuru Mungu na safari za kliniki huishia hapo. Nauli imepona, bandeji hazinunuliwi tena, mtoto halii usiku. Lakini kama kidonda kilikuwa kiganjani, kiwikoni, kwapani, shingoni au nyuma ya goti, wiki hizo ndizo kovu linashika kasi ya kuvuta, yaani kusinyaa na kukunja kiungo, na linaweza kuendelea mwaka mzima au zaidi. Mzazi mwenzangu, hapo ndipo usilegee.

Mwanangu alishika jiko la mkaa kipindi kile anaanza kutembea. Watoto wa umri huo huungua sana viganja: wakiyumba wanatanguliza mikono, ngozi yao ni nyembamba, na hawajawa wepesi wa kuachia kitu cha moto. Huduma ya kwanza ni maji ya kawaida yanayotiririka, dakika 20, na hata zikiwa zimepita saa 2 au 3 bado yanasaidia. Dawa ya meno, yai, unga na majivu viache vilipo. Hospitali wakamsafisha, wakamfunga vidole kimoja kimoja. Hilo la kimoja kimoja lishike. Ukiona mkono wa mtoto unaviringishwa wote kama ngumi ndani ya bandeji moja, uliza kwa adabu lakini uliza, kwa sababu vidole vibichi vikigusana hushikana na kupona vikiwa vimeungana.

Kwa nini kovu livute? Ngozi ikijeruhiwa, damu huganda kwanza. Zinafuata siku chache za uvimbe, joto na majimaji, mwili ukiondoa uchafu na vijidudu. Kisha inaota ile nyama nyekundu laini, inayotoka damu ukiigusa tu. Humo mna seli zinazofuma nyuzi za kolajeni, zile zinazoipa ngozi uimara, na baadhi ya seli hizo hugeuka zikapata nguvu ya kujikunyata kama msuli. Mtafiti Giulio Gabbiani na wenzake walizieleza mwaka 1971, nazo huitwa miofibroblasti. Zinashika kingo za kidonda na kuzivuta kuelekea katikati, kiasi cha nusu hadi robo tatu ya milimita kwa siku. Kwenye tako au tumbo, ambako ngozi imelegea, hiyo ni neema: kidonda kipana huacha kovu dogo. Kiganja cha mtoto hakina ngozi ya akiba. Kinachosogea pale ni kidole.

Muda wa kupona ndio unaokuonya mapema. Kuungua kwa juu juu hufunga ndani ya wiki 2 na mara nyingi huacha tofauti ya rangi tu. Kidonda kilichopita wiki 3 bado hakijafunga, kovu lake kwa kawaida litavimba, liwe gumu, livute. Ndiyo maana daktari anaweza kutaja kupandikiza ngozi mapema. Wazazi wengi hulikimbia neno hilo, mimi nasema msikilizeni.

Sasa ukweli mmoja mchungu: mkao anaouona mtoto una nafuu ndio mkao ambao kovu litaugandisha. Kiganja kikiuma anakifumba. Kwapa likiuma anabana mkono ubavuni. Shingo ikiuma anainamisha kidevu kifuani, nasi kwa huruma tunamwongezea mto! Aliyeungua shingo kwa mbele alale bila mto, shingo ikiwa imenyooka. Kwapa, mkono uende pembeni usawa wa bega. Kiwiko na goti vinyooke. Kiganja kifunguke, vidole vinyooke na kuachana. Ila mkono ulioungua upande wa nyuma una mkao wake tofauti, vidole vinakunjwa kwenye shina, kwa hiyo usiige tu ulichoona kwa mtoto wa jirani.

Kinachoushikilia mkao huo ni banzi. Letu lilikuwa la plastiki inayolainishwa kwenye maji ya moto, ikafinyangwa kufuata kiganja na kufungwa kwa bandeji. Kwingine hutumia plasta ile ya mifupa. Mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, ndiye anayelipima, na mtoto anavyokua linapimwa upya. Mwanangu alivaa usiku kucha na kila alipolala mchana. Mama yangu alikuwa hapendi kuliona.

"Mwanangu, kidonda si kimepona? Mwache mtoto alale vizuri."

"Mama, kimepona juu. Ndani bado kinavuta."

Alinyamaza, lakini sura yake ilisema mengine. Baadaye yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akilifunga nisipokuwepo, na alilifunga vizuri kuliko mimi.

Mchana ni kukanda na kunyoosha. Subiri ngozi ifunge kabisa, kisha paka mafuta ya mgando, kwa kuwa kovu la moto halina mafuta yake na hupasuka likikauka. Kanda kwa duara ukikandamiza mpaka kovu libadilike rangi. Halafu nyoosha kidole taratibu mpaka unapoona kovu limekaza, shikilia hapo, usitikise. Mtoto atalia kidogo. Akilia sana umezidisha. Sisi mazoezi mengi tuliyageuza michezo: kupiga makofi, kusukuma ukuta, kubandika kiganja kwenye donge la unga wa chapati na kulitandaza.

Kipimo changu kilikuwa karatasi. Namwekea kiganja mezani kikiangalia chini, mgongo wa mkono juu, kisha najaribu kupitisha karatasi chini ya kila kidole. Ikikwama, sawa. Chini ya kidole cha pete ilianza kupita bila shida wiki moja tuliyosafiri bila banzi, na mtaalamu wa fiziotherapia hakuchelewa kuniambia kwa nini.

Makovu yaliyovimba husaidiwa pia na nguo za kubana, zinazovaliwa karibu saa 23 kwa siku, au vipande vyembamba vya silikoni vinavyobandikwa juu ya kovu. Zinafanya kazi zikivaliwa kweli, ila kwa joto la Dar es Salaam ni mtihani, tena bei yake si ya kila mfuko. Kuwashwa kutakuwepo, hasa usiku; mafuta na kucha fupi husaidia. Kovu la namna hii si keloidi, hata kama mtaani yote huitwa hivyo. Keloidi huvuka mipaka ya jeraha na kuvamia ngozi ya pembeni isiyojeruhiwa, na matibabu yake ni tofauti. Na usimnyime mtoto mayai, dagaa wala maharage kwa kuambiwa vinatonesha kidonda. Kolajeni inafumwa kwa protini.

Ukiona kovu la zamani, la miaka mingi, linafumuka kidonda kisichopona, nenda hospitali bila kusubiri. Makovu ya moto yanayochubuka mara kwa mara yanaweza kugeuka saratani ya ngozi.

Na waliokwisha kukunjamana? Upasuaji upo. Hospitali kama CCBRT Dar es Salaam na KCMC Moshi hufungua makovu ya aina hii, ama kwa kukata kovu kwa umbo la Z ili lirefuke, ama kulifungua na kuweka ngozi kutoka sehemu nyingine ya mwili. Kwa mtoto jua mapema kwamba kovu halikui kwa kasi ya mfupa, hivyo huenda akarudi mezani akiwa mkubwa. Ngozi iliyopandikizwa nayo husinyaa, na ile nyembamba husinyaa zaidi ya nene. Kwa hiyo kabla ya kukubali tarehe ya upasuaji, muulize daktari nani atatengeneza banzi, litavaliwa kwa miezi mingapi, na kliniki ya fiziotherapia ya karibu na kwenu iko wapi.