Tochi kwanza, fomula baadaye

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye viwanda vya plastiki na kemikali, tafuteni mfuko mtupu wa urea muutazame vizuri. Ndani kuna utando mwembamba wa polithini, nje kuna kiroba kilichofumwa kwa nyuzi za polipropilini, na mbolea yenyewe ilitengenezwa kwa amonia. Nyuma ya kila kimoja kuna chombo cha chuma kilichowasumbua watu miaka mingi.

Tuanze na amonia. Mwezi Julai 1909, huko Karlsruhe, Ujerumani, mkemia Fritz Haber aliwaonyesha wataalamu wa kampuni ya BASF kwamba nitrojeni na haidrojeni huungana zikibanwa kwa presha kubwa na kupashwa moto. Kuitoa kazi hiyo maabara na kuipeleka kiwandani aliachiwa Carl Bosch wa BASF, na huko ndiko kulikokuwa na kibarua. Mabomba yake ya feleji yalipasuka baada ya kama saa 80. Alipoyachunguza akakuta haidrojeni imepenya ndani ya chuma na kula kaboni, ambayo ndiyo inayoipa feleji nguvu. Basi akavika ndani bomba la chuma laini kisicho na kaboni, na ganda la nje la feleji akalitoboa vitundu vidogo ili haidrojeni inayopenya itoke bila kulidhuru. Kiwanda cha Oppau kikaanza kazi 1913. Shuleni tulipewa mlinganyo wa amonia kwa mstari mmoja. Vitundu hivyo hakuna aliyetutajia, na bila vitundu hivyo amonia ingebaki maabara.

Halafu kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko. Metali ya osmiamu aliyotumia Haber ilikuwa adimu mno, kwa hiyo Alwin Mittasch na wenzake wakapima maelfu ya michanganyiko. Chuma kitupu kilifanya vibaya, lakini jiwe moja la chuma kutoka Sweden likafanya vizuri ajabu. Siri ilikuwa kwenye uchafu uliokuwamo katika jiwe lile. Wakaanza kuuongeza wenyewe kwa kipimo.

Shikeni neno hilo, uchafu, kwa sababu linarudi. Mwaka 1933, Uingereza, Eric Fawcett na Reginald Gibson wa kampuni ya kemikali ya ICI waliibana gesi ya ethilini kwa presha inayozidi mara 1,000 ile ya hewa, wakakuta nta nyeupe kidogo ndani ya chombo. Kuirudia ikawa shida. Mwaka 1935 wenzao wa ICI walijaribu tena, chombo kikavuja, ikabidi waongeze ethilini, na ethilini hiyo ilikuwa na oksijeni kidogo. Oksijeni hiyo ndiyo iliyouanzisha mmenyuko, na polithini ikapatikana ya kutosha kushikika mkononi. Miaka 18 baadaye, huko Mülheim, Ujerumani, mkemia Karl Ziegler aliona ethilini yake inakataa kujenga minyororo mirefu ya molekuli kama alivyotarajia. Watu wake wakafuatilia hadi wakakuta mabaki madogo sana ya nikeli ndani ya chombo. Hawakuishia kukiosha. Walijiuliza: kama nikeli inaukata mnyororo, je, metali nyingine zitafanya nini? Titani ikawapa polithini ngumu, bila ile presha ya kutisha. Mwaka uliofuata, 1954, Giulio Natta wa Milano akatumia njia hiyo kupata polipropilini, ile ya kiroba chako. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1963.

Nawaeleza haya kwa sababu mimi mwenyewe nililipia kutojua. Nikiwa mgeni kwenye kiwanda cha mabomba ya maji, tulibadilisha malighafi usiku. Nilifagia hopa, yaani chombo cha kumiminia malighafi kwenye mashine, kwa juu juu, nikawasha mashine. Mabomba yalitoka meusi, yanang'aa, nikafurahi. Kwenye kipimo cha presha ya maji yakapasuka, moja baada ya jingine. Msimamizi alikata kipande kwa kisu, akanipa kioo cha kukuzia. Pale ufa ulipoanzia palikuwa na doa dogo, ukubwa wa chembe ya mchele: punje ya polipropilini iliyokwama kwenye kona ya hopa, iliyeyuka lakini haikushikana na wenzake. Zamu nzima ya mabomba ikaenda kusagwa.

Kwa hiyo kabla ya kujaza, ingiza tochi ndani ya hopa, angalia kona na maungio. Ukiokota punje usiyoijua, iweke kwenye maji: ikizama, huenda ni plastiki ya PVC. Ikielea, usikimbilie kusema ni polithini, maana polipropilini nayo huelea. Iweke kwenye bati la moto la nyuzi 145 za Selsiasi hivi. Polithini ngumu huyeyuka karibu na 130, polipropilini husubiri mpaka inapita 160, kwa hiyo itakayobaki na umbo lake umeijua.

Na kila mkupuo wa malighafi, weka punje za kujaa kiganja kimoja kwenye chupa, bandika tarehe, namba ya mfuko na kilichopita kwenye mashine kabla yake. Hicho cha mwisho wengi hukiacha. Ziegler asingeipata titani kama watu wake wasingeuliza chombo kilitumika kufanya nini jana.